Mgeni wa Ng'ambo ya Mto

Muriel Sowerby alizaliwa York, akasoma York, akaolewa York, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wa kutoka mbali jinsi York ilivyo nzuri.

Nyumba yake ilikuwa Bootham, katika safu ya nyumba nyembamba za matofali mekundu zilizobanana mabega kwa mabega. Ukifungua dirisha la chumba cha juu kabisa, minara ya kanisa kuu inakujia usoni, myeupe asubuhi, ya rangi ya asali jioni, na siku za ukungu haipo kabisa, kana kwamba mtu kaihamisha usiku. Nyumba hiyo mumewe Stanley, fundi wa ishara za reli, aliirithi kwa shangazi yake. Vyumba vilikuwa vingi na watoto hawakujaliwa, basi Muriel akaacha kazi kiwandani, akatundika kibao dirishani, akaanza kupokea wageni wa kulala na kifungua kinywa.

Kiwandani alikuwa kwenye meza ya wachoraji. Ni kile kiwanda cha chokoleti ambacho siku za upepo harufu yake ilienea mji mzima, hata watoto wakatoka shule wakiwa wamefumba macho. Kila chokoleti ilipita mbele ya msichana mwenye kifuko cha chokoleti laini, naye akaitia alama yake: mkunjo wa wimbi kwa ya tangawizi, kitanzi kwa ya chungwa. Mkono wa Muriel ulikuwa mwepesi na haukutetemeka. Alipoacha kazi, kwa miezi kadhaa kidole chake kiliendelea kuchora mawimbi juu ya kitambaa cha meza bila yeye kujua.

Stanley alifariki majira ya baridi moja, ghafla, akivaa viatu. Muriel alilia, akazika, akarudi jikoni. Wageni walikuwa wamekwisha kuomba vyumba.

Mwezi wa wageni hasa ulikuwa Julai. Julai ndipo wapiga muziki wa kale hujaa makanisani na fidla zao za kupakatwa, na kila baada ya miaka kadhaa mji huitoa ile mikokoteni mikubwa ya mbao, watu wakaikokota barabarani na kuigiza juu yake habari za dunia nzima, tangu Mungu alipoiumba hadi Siku ya Hukumu. Waigizaji ni watu wa hivihivi tu: mwalimu, karani wa benki, fundi bomba. Wageni hutoka kila upande kuja kuwatazama, na sehemu yao hulala kwa Muriel.

Yeye mwenyewe Julai aliamka kabla ya ndege. Soseji, bekoni, mayai, maharage, uyoga, tosti, chai. Vyombo vikiisha, vitanda. Vitanda vikiisha, shuka. Shuka zikianikwa, kapu mkononi kwenda kona kwa Desmond Raine, mwuza nyama. Mpaka anapokaa kitini miguu imevimba na chai imepoa, wageni wanarudi, nyuso zimewaka, wanamsimulia waliyoyaona. Muriel alikuwa msikilizaji wa ajabu. Aliuliza: nguo zilikuwa rangi gani? Malaika walisimama wapi? Watu walicheka mahali gani? Kesho yake asubuhi, sahani mkononi, aliwasimulia wageni wapya yale yale, na wao wakatoka mbio wasije wakachelewa.

"Nendeni kanisa kuu jua likianza kushuka," alikuwa akiwaambia. "Mtaona madirisha matano marefu ya kijivu. Msiseme neno. Kaeni tu chini yake, mtaona kijivu kinavyogeuka."

Maneno hayo alipewa na mjane mmoja wa Norwich, miaka hiyo, na aliyatunza kama yake.

Ikawa Julai moja, asubuhi ya Ijumaa, mezani kuna mtu na mkewe kutoka Uholanzi, wakiitwa Terpstra, na kwenye kiti cha dirishani amekaa Gwilym Prosser. Huyu alikuwa mzee wa Kiwelisi, mjane, mpishi wa meli mstaafu, nywele nyeupe zimesimama kama povu. Kila Julai alikuja na gambusi lake la kizamani, la nyuzi nyingi, ambalo alilipiga vibaya na kwa mapenzi makubwa. Mwaka huo mikokoteni ilikuwa inatoka, na Muriel alikuwa amesimama katikati ya chumba na birika la chai, anaeleza mchezo wa Nuhu.

"Sasa mke wa Nuhu hataki kupanda safina," alisema. "Katakata! Kashika nguzo, anapiga mateke. Nuhu anamvuta, yeye anamzaba kibao, pa! Watu hoi kwa kicheko. Halafu maji yakisha kujaa, yule mama anauliza, na wenzangu je? Wale majirani zangu wako wapi? Hapo watu wote kimya."

Bibi Terpstra aliweka kijiko chini. Macho yake yalikuwa na machozi. "Na wewe ulikuwa umesimama wapi, ulipoona hayo?"

Muriel alifungua mdomo kujibu. Alikuwa na majibu mengi, maana wageni wake walisimama kila mahali. Lakini asubuhi hiyo, sijui kwa nini, lilimtoka la kweli.

"Mimi? Mimi sijawahi kuiona."

Hata bekoni iliacha kutatarika, alisema Gwilym baadaye alipokuwa akiisimulia.

"Hujawahi mwaka wowote?" aliuliza Gwilym.

"Hata mmoja. Nitakwenda saa ngapi, Bwana Prosser? Nani atafua shuka zako?"

"Na muziki?"

"Nakusikia wewe huko juu."

"Masikini mama wa watu," alisema Gwilym. "Kwa hiyo miaka yote hii nakuja York kwa kutumwa na mtu ambaye hajafika?"

Walicheka wote, na Muriel pia akacheka, lakini jikoni alisimama mbele ya sinki bila kufungua bomba. Gwilym alimfuata na sahani yake.

"Sikiliza, Bi Sowerby. Mimi nimewapikia mabaharia kwenye mawimbi, sufuria limefungwa kwa kamba. Nishindwe na Waholanzi wawili waliokaa kitako? Nipe funguo mpaka Jumatatu."

"Jikoni mwangu? Thubutu."

"Unaogopa nitakuibia mwiko?"

"Naogopa utaniunguzia nyumba. Toka, maji yanamwagika."

Hakuna maji yaliyomwagika. Gwilym alitoka.

Mchana huo Muriel alikuwa uani anaanika. Upepo ulikuwa mwororo, shuka zinajaa na kupungua taratibu kama vifua vya watu waliolala, na yeye kazungukwa nazo pande zote, haoni ila weupe. Ng'ambo ya ukuta, mahali fulani, watu wa mikokoteni walikuwa wakijizoeza. Ngoma ilipigwa polepole. Kisha sauti za wanawake zikapanda, nyembamba, zikiimba wimbo wa malaika, zikapotea upepo ulipogeuka, zikarudi. Muriel alisimama na kibanio mdomoni. Alijaribu kukumbuka Julai yoyote ambayo aliusikia wimbo huo bila kitambaa mbele ya macho, na hakuikumbuka.

Aliingia ndani, akavua aproni, akaiweka mbele ya Gwilym aliyekuwa anakaza nyuzi.

"Soseji zinawekwa sufuria likiwa baridi," alisema. "Likiwa baridi, umenisikia? Na Bibi Terpstra hali uyoga."

"Utalala wapi?" aliuliza Gwilym. "Maana ukilala humu, alfajiri nitakukuta jikoni."

Hilo Muriel hakuwa amelifikiria.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba mwanamke wa makamo, mwenye kofia ya mvua na mkoba mdogo wa safari, alivuka daraja la Lendal jioni ile kwa miguu, akauacha upande wake wa mto. Mabata bukini walikuwa wamelala kwenye nyasi za ukingoni, shingo zimekunjwa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Alipofika mtaa wa Bishopthorpe, ambako hana jamaa wala muuza duka anayemjua, aliona kibao dirishani kinachosema nafasi ipo, akabonyeza kengele na moyo ukimwenda mbio kama msichana aliyetoroka.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene, mikono mikubwa, unga hadi viwikoni. Huyu ndiye Pauline Cundall, mwenye nyumba.

"Karibu, kipenzi, karibu ndani. Umetoka wapi na kijimkoba hicho?"

Muriel angeweza kusema, nimetoka mwendo wa nusu saa hapo. Lakini nani atamwelewa? "Whitby," alisema, akautaja mji wa wavuvi wa pwani.

"Ala! Whitby! Samaki hawajambo?"

"Hawajambo."

"Umekuja kwa mikokoteni au kwa muziki?"

Muriel alifikiri kidogo. "Vyote," alisema, na neno hilo lilimpa raha mdomoni.

Chumba kilikuwa kidogo, kina picha ya farasi na dirisha linalotazama bustani za nyuma za watu. Alikaa kitandani na kofia kichwani. Hakuna aliyemwita. Chini vyombo viligongana na hakuwa na haja ya kushuka. Alilala kabla jua halijatua, akiwa amefunikwa na shuka ambayo hakuifua yeye, na alipoamka ilikuwa asubuhi na nyumba inanukia soseji.

Pauline alimkuta anatandika kitanda, kona zimekunjwa kama bahasha.

"We mama, vipi? Umekuja kupumzika au umekuja kuniomba kazi?"

"Mazoea tu."

"Mazoea yaache Whitby. Kaa chini ule."

Muriel alikaa akahudumiwa. Hakujua pa kuweka mikono. Pauline alimsimamia na birika, akamweleza mji: aende wapi, apite wapi, duka gani wanamuibia mtu mchana kweupe. Karibu nusu yake ilikuwa chumvi tupu. Muriel aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Na kitu kimoja nikuusie," alisema Pauline, akashusha sauti. "Mwaka mwingine wasije wakakudanganya kulala kule Bootham. Kuna mama mmoja huko, Sawby, Sowby, sijui nani, nasikia anawakaangia wageni soseji toka jana yake, asubuhi anazipasha."

Chai ilimwendea Muriel njia ya pumzi. Pauline alimpiga mgongoni kwa lile kono lake.

"Pole, mama. Ni moto?"

"Labda wanamsingizia," alisema Muriel alipopata sauti.

"Labda. Nikuongeze?"

Siku hiyo, Jumamosi, Muriel aliutembea mji wake kama mtu anayetembea ndotoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambamo kila mlango upo mahali pake na bado kila chumba ni kipya. Alipanda ukuta wa kale, akatembea juu yake taratibu, akitazama chini kwenye bustani za watu, nguo zao kwenye kamba, paka wao. Alinunua andazi la jibini tamu, akalila akitembea, jambo ambalo mama yake angemchapa kwalo. Kwenye uchochoro wa Stonegate alisimama kutazama boriti za nyumba kuukuu zilizoinamiana juu ya vichwa vya watu kana kwamba zinanong'onezana, na watu wakampita kulia na kushoto wakidhani ni mgeni, na ni kweli alikuwa mgeni.

Mchana aliingia kwenye kanisa dogo la Goodramgate, lile lenye sakafu iliyopindapinda na viti vya mbao vyenye vijilango kama zizi. Wapiga fidla watano walikuwa wamekaa mbele, fidla katikati ya magoti, hawana taa ila mwanga wa dirishani. Walianza bila kusema neno. Muziki haukuwa na haraka. Uzi mmoja ulitoka, ukapinda, mwingine ukaushika mahali ulipopindia, ukazunguka, wa tatu ukapita katikati yao, na kabla hujajua ulipoanzia, ulikuwa umekwisha kukuzunguka. Muriel alitazama chini akaona kidole chake kinatembea juu ya goti. Kilikuwa kinachora. Wimbi, kitanzi, wimbi. Aliona ile meza ndefu, wasichana na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, chokoleti zinakuja moja moja bila kwisha, na kila moja mkono wake uliiandika jina, kisha ikaenda kuliwa na mtu asiyemjua, Leeds au London au wapi. Hakuwahi kufikiri kwamba ule ulikuwa uchoraji. Alisinzia, ama hakusinzia, hakuweza kusema. Alipoinua kichwa watu walikuwa wanapiga makofi na mwanga ulikuwa umehama ukutani.

Jumapili alipoteremka alikuta meza ina mkate, jibini na yai la kuchemsha lililopoa. Pauline alikuwa mlangoni amevaa joho la kahawia la gunia, mkanda wa kamba kiunoni.

"Leo nafunga jiko," alisema. "Kanisa letu ndilo linalokokota mkokoteni wa Nuhu. Na mimi ndiye ng'ombe wa mbele."

"Na wageni?"

"Wageni wana mikono. Mkate ule pale."

Muriel alibaki amesimama na kijiko. Miaka yote hiyo haikuwahi kumpitia kichwani kwamba jiko linaweza kufungwa na dunia ikaendelea.

Alisimama kwenye uwanja mdogo wa nyasi nyuma ya kanisa kuu, katikati ya umati, mapema kabisa. Mikokoteni ilikuja mmoja baada ya mwingine, magurudumu yakinguruma juu ya mawe hata ukayahisi nyayoni kabla hujayasikia. Mungu alikuwa kijana mwembamba mwenye uso wa dhahabu. Aliumba nuru, na kweli wingu likapita jua likatoka, watu wakaguna. Adamu na Hawa walipita wakilia. Kisha ukaja mkokoteni wa Nuhu, na kamba ya mbele ameishika Pauline, uso umeiva kama nyanya.

Nuhu alikuwa Desmond Raine wa bucha. Hilo Muriel alilijua. Tangu Machi Desmond alikuwa akijifunza maneno yake huku akikata mbavu: "Bwana amenena nami, mimi mja wake mzee, nusu kilo, kipenzi? nami yanipasa kujenga." Lakini hakumjua huyu. Huyu alikuwa na ndevu za sufi mpaka kitovuni na sauti iliyotoka mbali, na alipoigonga mbao ya kwanza ya safina, mwaka baada ya mwaka wa kazi ulimpita usoni, akazeeka mbele ya macho yao. Muriel alisahau kupumua.

Mke wa Nuhu, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, alikataa kupanda kama alivyopaswa kukataa. Aliruka chini, akakimbilia ndani ya watu. Nuhu naye akaruka kumfuata, akakata umati mikono mbele, na ghafla akajikuta pua kwa pua na mteja wake wa miaka yote.

"Muriel!" alisema Desmond kwa sauti ile ile ya unabii. "Wewe unafanya nini hapa? Yule mzee wako wa Kiwelisi jana kachukua kilo mbili za maini! Anataka kuwapikia watu nini Bootham?"

Uwanja mzima ulisikia. Desmond alibaki mdomo wazi, maneno ya Nuhu yamemruka yote.

Mke wake ndiye aliyemwokoa. Alishika kiuno akapiga kelele: "Hivyo ndivyo mlivyo! Dunia inazama, na wewe unaongelea maini!"

Watu waliangua kicheko mpaka mabata wakaruka kutoka kwenye nyasi. Wengi mpaka leo wanadhani ilikuwa imeandikwa hivyo. Alimzaba kibao, wakapanda safina, mvua ikanyesha ya vitambaa vya buluu. Kisha yule mama akasimama ukingoni na kuuliza majirani zake wako wapi, na kimya kikaja. Ni kweli kilikuja, kama walivyokuwa wakimwambia. Ila hakuna mgeni aliyewahi kumwambia kwamba kimya hicho kina uzito, kinakukalia mabegani.

Mkokoteni ulipogeuzwa kuondoka, mtu alimshika mkono. Pauline.

"Muriel wa Bootham?"

"Ndiye."

"Si umeniambia Whitby?"

"Nilikuambia."

"Yesu wangu. Na mimi na zile soseji."

"Huwa nazikaanga asubuhi ile ile, Bi Cundall. Kila siku. Zote."

Mabega makubwa ya Pauline yakaanza kutikisika, na kicheko kilichomtoka kilimfanya hata Nuhu ageuke. Alijifuta macho kwa mkono wa joho. "Basi kama ni mtu wa hapa, acha kusimama kama mtalii. Shika kamba. Tutaongea tukitembea."

"Sijavaa nguo za..."

"Nani atakuangalia wewe? Shika."

Akashika. Kamba ilikuwa nene, ina joto la mikono ya watu. Mkokoteni ulikataa, ukafikiri, ukakubali, na safina nzima ikaanza kutembea nyuma yake, wanyama wa mbao wakitikisa vichwa. Waliingia Stonegate, na uchochoro ulikuwa mwembamba kiasi kwamba watu walijibana ukutani, wengine wamekaa madirishani, watoto juu ya mabega ya baba zao. Wote walikuwa wanamtazama. Maisha yake yote Muriel alikuwa akitazama migongo ya watu wanaotoka mlangoni kwake kwenda kuona jambo. Leo alitembea katikati ya barabara, nyuso pande zote mbili zimemgeukia kama maua, kengele za kanisa kuu zikaanza kupiga juu ya paa, na kwa mwendo ule wa polepole, na ule mngurumo wa magurudumu, ilimjia kwamba hawauburuti mkokoteni, bali ni mji unaopita taratibu kando yao, na wao wamesimama. Mbele ya duka la vinyago aliwaona Waholanzi wake. Bwana Terpstra alishusha kamera.

"Bibi Sowerby! Ni wewe?"

"Ni mimi," alijibu, na hakuweza kupunga mkono kwa sababu ya kamba.

Aliukokota mpaka kituo cha mwisho. Viganja vilichubuka. Jioni, jua lingali juu ya paa kama lisilotaka kwenda kulala, alikaa kwenye nyasi na Pauline na Desmond aliyeshikilia ndevu zake mapajani, wakatazama Siku ya Hukumu. Malaika walipiga tarumbeta, waliokufa wakaamka mmoja mmoja wakijifuta macho kama watu walioitwa mapema mno. Hapo ndipo Stanley alipomjia. Mwaka mmoja, wakiwa bado vijana, Stanley alikuwa amemwambia waende pamoja, na yeye akasema nenda wewe, utanisimulia. Alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja tu. Ilikuwaje? Nzuri, Mu, alisema. Ilikuwa nzuri. Na hakuwa na la zaidi, na yeye akamkasirikia kwa uzembe wa kusimulia.

"Umeionaje?" aliuliza Pauline.

Muriel alitaka kumjibu. Alitafuta rangi za nguo, alitafuta malaika walisimama wapi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na Pauline, ambaye hakumjua kwa zaidi ya siku mbili, alimpa ncha ya joho lake ajifute.

Jumatatu alirudi Bootham. Gwilym alikuwa jikoni na aproni, uso mwekundu, sufuria moja limeungua lisiloweza kusafishwa tena. Waholanzi walikuwa wamelishwa maini kwa pilipili asubuhi mbili mfululizo na waliapa hawajala kitu kama kile maishani, kauli ambayo Muriel aliichunguza kwa pande zote asijue ni sifa au lawama.

"Haya, nisimulie," alisema Gwilym.

"Kaa kwanza," alisema Muriel. "Chai iko wapi?"

Nyumba aliendelea nayo miaka mingine mingi, lakini Jumapili ya mikokoteni hakukuwa na jiko. Yeye na Pauline wakawa mashoga wa kugombana kila wiki, juu ya sabuni, juu ya bei, juu ya nani ashike kamba ya mbele. Gwilym hakuacha kuja Julai. Majirani walisubiri harusi wakachoka. Kila mmoja alipenda kitanda chake, alisema Muriel, na jambo hilo halikuwa la majirani.

Ila vuli ya mwaka ule ule, wageni walipokwisha, alifunga mlango akapanda treni kwenda Swansea, maana Gwilym alikuwa amemwambia kwamba huko kwao wanaume wa kanisa huimba Jumapili mpaka vioo vya madirisha vinalia, na kwamba hatamsimulia zaidi ya hapo. Ilikuwa safari ndefu, ya kubadilisha treni. Vilima vilikuja vya kijani, vikaja vya zambarau, mvua ikapiga kioo ikaacha. Msichana aliyekaa mbele yake alimuuliza kama anakwenda nyumbani.

"Hapana, mwanangu," alisema Muriel. "Nakwenda kutembea."

Na akageuza uso dirishani asipitwe na kitu.